MGB GT au Toyota Celica: kupe yupi atanyonya mfuko wako?

KIJANA mmoja mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Darajani, mjini Unguja, alifika kwetu na swali ambalo wenye mitaji midogo wengi hujiuliza kimya kimya. Baba yake amestaafu na amemkabidhi sehemu ya kiinua mgongo chake, shilingi milioni 20, azizungushe katika biashara. Kijana huyu anapenda gari, hasa zile fupi za milango miwili zenye umbo la mbio. Mjomba wake anayeishi Uingereza amemwonea MGB GT ya mwaka 1973. Wakati huo huo, wauzaji wa Japani wanamwonyesha picha za Toyota Celica ya mwaka 2003. Anataka kujua ni ipi kati ya hizo itakayoirudisha fedha ya mzee pamoja na faida.

Gari za aina hii Wafaransa waliziita coupé, maana yake iliyokatwa, kwa kuwa umbo lake ni kama la gari ya kawaida iliyopunguzwa. Tukilitamka neno hilo kwa Kiswahili linakuwa kupe, na kila mfugaji wa Unguja anajua kupe anafanya kazi gani. Kwa hiyo tumeligeuza kidogo swali la kijana huyu. Kabla ya kuuliza ni kupe yupi mzuri zaidi, tuulize ni yupi atakayenyonya kidogo, na kama yuko wa kumuuzia pale mwenye gari atakapomchoka.

Injini moja, zama mbili

Kwa makaratasi, gari hizi mbili ni ndugu kuliko mtu anavyodhani. MGB ya wazi, isiyo na paa, ilitoka mwaka 1962. Oktoba 1965 kiwanda cha MG kilichokuwa Abingdon, Uingereza, kikatoa ya paa la chuma, iliyopewa jina la MGB GT, na umbo la paa hilo lilitengenezwa kwa msaada wa nyumba ya usanifu ya Pininfarina ya Italia. Injini yake ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,798. Inapumua kwa kabureta mbili, inatoa nguvu za farasi 95 hivi, na inasukuma magurudumu ya nyuma. Gari hiyo iliendelea kutengenezwa hadi Oktoba 1980. Kwa jumla MGB za aina zote zilizidi 500,000, na kati ya hizo GT zilikuwa kiasi cha 125,000.

Jina la Celica lilianza Japani Desemba 1970 na kuzikwa mwaka 2006, baada ya vizazi saba. Kizazi cha saba, ambacho ndicho anachokitazama kijana wetu, kilitoka mwaka 1999. Ile ya kawaida, SS-I, ina injini inayoitwa 1ZZ-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,794. Mafuta hupulizwa kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, nguvu zake ni kiasi cha farasi 145, na zinaendesha magurudumu ya mbele.

Tofauti ya ukubwa wa injini hizo ni sentimita za ujazo 4 tu. Uzito nao unakaribiana, kiasi cha kilo 1,100 kila moja. Zote zina mlango wa nyuma unaofunguka juu, na zote zina kiti cha nyuma ambacho kinamfaa mtoto au kikapu cha sokoni kuliko mtu mzima. Tofauti kubwa iko katika mwendo. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Celica inatumia chini ya sekunde 9 na MGB inahitaji 13 au 14. Lakini Unguja nzima ina urefu wa kilomita 85 hivi, na njia zake zimejaa matuta. Mtu hanunui sekunde hapa. Ananunua sura, na sura ni bidhaa ngumu kuipangia bei.

Kwa nini moja inajulikana na nyingine haijulikani

Hapa historia ya kisiwa inaingia katika daftari la hesabu. MGB GT ilipoingia sokoni mwaka 1965, Zanzibar ilikuwa katika mwaka wa pili wa Mapinduzi. Fedha za kigeni na biashara ya nje vilikuwa mikononi mwa Serikali, na gari ya kifahari ya watu wawili haikuwa miongoni mwa mahitaji ya nchi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, gari zilizoanza kumiminika zilikuwa zile zilizotumika, kutoka Dubai na hatimaye moja kwa moja kutoka Japani.

Matokeo yake ni kwamba fundi wa Unguja amekulia chini ya Toyota. Anaijua kwa mlio, na wakati mwingine hahitaji hata kufungua boneti. Kabureta mbili za MGB zinazotakiwa kusawazishwa kwa sikio na bisibisi zinajulikana kwa wazee wachache waliofundishwa na gari za Kiingereza, na wazee hao hawafungui gereji mpya.

Spea: moyo mtaani, uso baharini

Mwenye mtaji aulize spea kabla ya kuuliza bei. Kwa upande huu Celica ina bahati moja kubwa. Injini ya 1ZZ-FE ndiyo hiyo hiyo iliyowekwa katika Corolla, Allion, Premio na Wish za 1.8, ambazo zimejaa Tanzania nzima. Pampu ya maji, plagi, vichungio, mota ya kuwashia na hata injini nzima iliyotumika ni vitu vinavyopatikana bila kuagiza nje. Injini hiyo inatumia cheni badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya safari fulani, na hilo nalo ni nafuu.

Ina kasoro moja ambayo mnunuzi lazima aijue. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, hadi kiasi cha mwaka 2002, zilikuwa na tatizo la ringi za pistoni na zikawa zinakunywa oili. Celica ya mwaka 2003 iko upande ulio salama zaidi, lakini hata hiyo iwashwe ikiwa baridi, na mnunuzi asimame nyuma. Moshi wa bluu ni hasara inayoonekana kwa macho.

Taabu ya Celica iko nje ya injini. Taa zake ndefu za mbele, bampa, vioo na milango ile mipana havitoki katika Corolla wala Premio. Gari ikigongwa ubavuni pale Mwanakwerekwe, moyo wake utapatikana mtaani, lakini uso wake utasubiri meli.

MGB ni kinyume chake. Hapa kisiwani huwezi kununua hata ufito wa dirisha lake. Lakini Uingereza, gari hii ni miongoni mwa gari za zamani zilizo rahisi kuzipatia vipuri. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza upya bodi nzima ya MGB, na mwenye fedha anaweza kujenga upya gari karibu yote. Kwa hiyo spea zipo, ila kila moja inalipiwa kwa fedha za kigeni, ikapandishwa ndege au meli, ikapita forodhani, na mwishoni ikamtafuta fundi.

Kuna na suala la petroli. Injini ya MGB ilitengenezwa zama za petroli yenye risasi, na risasi hiyo ilikuwa inalinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. MGB ambayo kichwa chake cha injini hakijawekewa viti vigumu italiwa valvu polepole. Mjomba aulize hilo kabla hajatoa hata pauni moja.

Chumvi ya bahari

Adui wa pamoja wa gari zote Unguja ni hewa ya bahari. MGB haina chesisi iliyo mbali na bodi, kwani bodi yenyewe ndiyo chesisi. Nguvu yake kubwa inakaa katika mihimili iliyo chini ya milango, na mihimili hiyo ni mabati yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Kutu huanzia ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Gari iliyokwisha kula miaka 50 ya mvua na chumvi ya barabara za Uingereza, kisha ikaja kulazwa usiku karibu na Forodhani, inakabidhiwa kutoka kwa mlaji mmoja hadi kwa mwingine.

Celica ilitengenezwa zama ambazo viwanda vilikuwa vimejifunza zaidi kulikinga bati, lakini haina kinga ya milele. Baadhi ya sehemu za Japani kunaanguka theluji na barabara humwagiwa chumvi. Kwa hiyo picha za juu zisitoshe. Mnunuzi adai picha za chini ya gari, na asipopewa ajue amekwisha jibiwa.

Umri: zawadi kule, adhabu hapa

Jambo hili ndilo linalowachanganya wengi. Uingereza, gari iliyotimiza miaka 40 inaweza kusamehewa kodi ya barabara kwa kuhesabiwa kuwa ya kihistoria. Kuna vilabu, minada na maonyesho, na MGB iliyotunzwa haishuki bei kama gari iliyotumika ya kawaida. Kule umri ni sifa.

Ikifika bandari ya Malindi, umri ule ule unageuka. Tanzania hutoza ushuru wa forodha kwa kuhesabu thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, na kiwango cha kawaida cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25. Juu yake huja ushuru wa bidhaa na kodi nyingine, na gari kuukuu huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu wake. Forodha nayo ina utaratibu wake wa kupima thamani, wala haifungwi na risiti ya mjomba. Viwango hubadilika na bajeti za kila Juni, kwa hiyo mwagizaji aende kwa wakala wa forodha akiwa na namba ya injini na mwaka wa gari mkononi, apewe hesabu kwa maandishi kabla hajatuma fedha.

Celica nayo haitoki salama hapa. Zilizo changa kuliko zote zilitoka kiwandani mwaka 2006, kwa hiyo zote zimekwisha ingia katika kundi la gari kuukuu. Tofauti ni kwamba Celica inatozwa kama kuukuu na kuuzwa kama kuukuu, lakini MGB inanunuliwa kwa bei ya johari na kutozwa kama chuma chakavu.

Jina si gari

Wauzaji wengi hulitumia jina la Celica kwa sababu ya mbio za Safari. Ni kweli kwamba jina hilo lilishinda mbio hizo mara 8 kati ya mwaka 1984 na 1995, na mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za mwanzo, Juha Kankkunen akiwa wa kwanza. Wazee wa Mombasa na Dar es Salaam bado wanazikumbuka.

Lakini zile zilikuwa gari zenye turbo, na katika miaka ya 1990 magurudumu yote manne yalikuwa yakisukuma. SS-I ya mwaka 2003 haina turbo, na inavutwa na magurudumu mawili ya mbele. Anayeongeza shilingi milioni mbili kwa ajili ya historia hiyo ananunua hadithi ya gari nyingine.

Mlango wa kutokea

Gari hizi zina milango miwili ya kuingilia. Mwekezaji atafute mlango wa kutokea, yaani nani atainunua kwake, wapi, na kwa muda gani.

Mnunuzi wa kawaida wa Unguja ana familia. Anataka milango minne, kiti cha nyuma cha watu watatu na buti la kubebea gunia. Ndiyo maana IST na Noah hazikai sana uani. Mteja wa Celica ni kijana asiye na watoto na mwenye fedha taslimu, na watu wa aina hiyo si wengi Mjini na Ng'ambo. Akitazama Bara, akumbuke kwamba gari iliyosajiliwa Zanzibar ikivushwa kwenda kuuzwa Dar es Salaam huulizwa karatasi zake za forodha, na tofauti ya kodi ikidaiwa inakula faida.

Kwa MGB mlango ni mwembamba zaidi. Afrika Mashariki soko la gari za kale lina makao yake Nairobi, ambako maonyesho ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1970. Lakini Kenya inazuia kuingiza gari zilizotumika zenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo mtu hawezi kuivusha MGB kama bidhaa ya kawaida. Kuirudisha Uingereza ni kulipa nauli mara ya pili. Bei nzuri iko kule na gari iko huku.

Wengine watasema ikodishwe. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na ni kweli kuna maharusi watakaopenda kupigwa picha ndani ya MGB mbele ya Ngome Kongwe. Lakini gari haipiti vichochoro vya Mji Mkongwe, mgeni anayetaka kuendesha mwenyewe anahitaji kibali cha hapa, na MGB haikutoka kiwandani na kiyoyozi. Jua la kaskazi la Januari, kilomita 60 hivi hadi Nungwi, ni mtihani wa dereva na wa rejeta. Ikodishwe pamoja na dereva, kwa saa, kwa harusi na picha tu, na mwenyewe awe fundi au ndugu wa fundi.

Hesabu ya milioni 20

Tuichukue fedha ya mzee na tuipige hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini kila msomaji anaweza kuweka zake.

Tuseme Celica imefika, imelipiwa kila kitu na kusajiliwa kwa milioni 20. Tuseme imekaa miezi tisa kabla ya kupata mteja. Kama fedha hiyo ingeweza kupata asilimia 10 kwa mwaka mahali pengine, miezi tisa imekula milioni 1.5. Bima, betri, maegesho na usafi, laki tano. Kwa hiyo akiiuza kwa milioni 22 hajapata hata senti. Amerudi alipoanzia.

Sasa tuseme fedha hiyo hiyo ilinunua gari mbili ndogo za familia za milioni 10 kila moja, zinazouzika katika miezi mitatu kwa faida ya laki saba kila moja. Katika miezi tisa atakuwa amezungusha mara tatu, jumla ya gari sita na faida ya milioni 4.2. Toa milioni moja ya gharama, zinabaki 3.2. Hakuna atakayegeuka kumtazama akipita Michenzani, lakini kiinua mgongo kipo na kimeongezeka.

Kwa MGB hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu gari iliyo safi haiuzwi rahisi hata Uingereza. Kwa mtaji huo, baada ya kutoa nauli na ushuru, itakayopatikana ni ya kutengeneza, na matengenezo ya gari ya kale hayana bei ya mwisho. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. MGB ni katika mali zinazopotea hata daftari likiwapo.

Ushauri wetu

Anayetaka biashara, yaani fedha iende na kurudi, aache zote mbili. Asipoweza kujizuia, basi achukue Celica, ya mwaka 2003 au baada ya hapo, yenye injini ya 1ZZ-FE, picha za chini zikiwa safi, na awe na mteja aliyekwisha lipa arubuni kabla gari haijapandishwa meli.

Anayetaka MGB ainunue kwa fedha ambayo haidaiwi na mtu, na ahakikishe usukani uko kulia, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kwa soko la Marekani na usukani wake uko kushoto. Aihesabu kama mtu anavyohesabu mlango wa kuchonga wa kizamani alioununua kwa ajili ya nyumba yake. Ni kitu cha kukitunza na kukifurahia, na pengine siku moja mjukuu atakiuza vizuri. Hiyo si biashara ya mwenye duka la vitambaa anayelipa pango kila mwezi.

Tulimweleza kijana wetu hayo yote. Alisikiliza, akaandika tarakimu nyuma ya risiti ya vitambaa, kisha akauliza kama Celica nyekundu inauzika haraka kuliko nyeupe. Tulimjibu kwamba rangi haimo katika hesabu, na tukamshauri arudi kwa baba yake na risiti hiyo, wazee waisome pamoja kabla ya benki kufungwa Ijumaa. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa bado hajatuma fedha.